Unahamia nyumba ya kupanga hapa Mwanza? Anza kuipamba kabla hujapakia hata kijiko

Ndugu zangu, mimi nimehama mara nne ndani ya Mwanza hii hii, Igoma, Mabatini, Nyakato na sasa hivi niko Kitangiri, na mara tatu zote za mwanzo nilifanya kama watu wengi wanavyofanya, yaani unalipa kodi yako, unaita kirikuu, unashusha vitu sebuleni alafu unajiambia rangi ntapaka taratibu nikishatulia. Hautulii. Kabati likishaegemea ukuta ule ukuta ndo basi tena, unakaa nao na madoa yake ya mpangaji aliyetoka mpaka siku na wewe unaondoka.

Safari hii nilimwomba mama mwenye nyumba anipe funguo mapema maana nyumba ilikuwa tupu na kodi ya miezi sita nilishaweka, akanipa wiki tatu kabla sijatoka Nyakato. Hizo wiki tatu ndo zimenifundisha hiki ninachoandika hapa. Na kabla ya yote shika hili moja maana maamuzi yangu yote huko chini yanatoka hapo: wewe ni mpangaji, hela yako nyingi weka kwenye vitu vitakavyoondoka na wewe. Rangi ukutani unamwachia mwenye nyumba, ila pazia, meza, shedi la taa na kapeti ni vyako, kwa hiyo rangi ipakwe vizuri lakini kwa bajeti, alafu nguvu na ubunifu wako wote uingie kwenye vitu vya kubeba.

Ongea na mwenye nyumba kwanza

Usinunue hata brashi kabla hujaongea nae. Nenda asubuhi, mwamkie vizuri, mwangaluka mama, kaa chini, mwambie unataka kupaka rangi gani, unataka kutoboa wapi, na uliza kama gharama ya rangi anaweza kuikata kwenye kodi inayofuata. Wengine wanakubali nusu, wengine hawataki kabisa ila wanakuruhusu upake kwa hela yako. Wa kwangu aliniambia, "Mwanangu paka, ila rangi nyeusi sitaki nyumbani kwangu na hiyo misumari ya nchi nne usinipigie ukutani." Nikamwomba tuandike mistari miwili mitatu nyuma ya mkataba, rangi gani, matundu nani atayaziba, nikikuta ubovu nani atatengeneza, tukasaini wote. Alafu piga picha kila chumba kikiwa kitupu, kila ufa, kila kioo, kila soketi iliyolegea. Siku ya kutoka hizo picha zitakuokoa.

Kagua nyumba, na ukiweza irudie siku ya mvua

Hapa msikimbie. Mwanza nyumba nyingi zimekaa kwenye miteremko na katikati ya majabali, na maji ya mvua yanateremka kwa kufuata mwamba mpaka yanakuta ukuta wako wa nyuma. Ukipaka rangi juu ya ukuta unaonyonya maji, miezi miwili tu inavimba na kubanduka kama ngozi iliyoungua. Angalia chini ya kuta, kuanzia sakafuni mpaka kama magotini, ukiona unga mweupe kama chumvi au rangi imejikunja, hapo kuna unyevu. Ukiwa na mashaka chukua kipande cha nailoni ngumu ukubwa wa daftari, bandika ukutani kwa tepu pande zote nne, acha siku moja mpaka mbili. Ukikuta majimaji upande wa ndani uliogusa ukuta, unyevu unatoka kwenye ukuta wenyewe na kazi ya kwanza ni mtaro huko nje, sio rangi, na hiyo ni kazi ya mwenye nyumba mwambie mapema. Ukikuta majimaji upande wa nje wa nailoni, hewa ya chumba ndo nzito, fungua madirisha, inatosha.

Kama ni nyumba mpya, zile za Buhongwa na Kisesa zinazoinuka kila siku, muulize fundi plasta ina muda gani. Plasta mbichi inahitaji kama wiki nne kukauka ndo ipokee rangi. Kipindi kizuri cha kupaka hapa kwetu ni kuanzia Juni mpaka Agosti, kikavu na upepo wa ziwa unakausha vizuri. Machi mpaka Mei, na ile mvua ya vuli ya Oktoba mpaka Desemba, inawezekana ila panga siku zako kwa kuangalia mawingu na usiharakishe mkono wa pili, yaani kupaka rangi mara ya pili juu ya ile ya kwanza.

Pitisha kiganja ukutani. Kikitoka cheupe ujue ilipakwa chokaa au rangi imechoka imekuwa vumbi, na rangi ya maji haishiki juu ya vumbi. Kwangua, futa na kitambaa chenye maji, acha ikauke, paka praima, ile rangi ya msingi inayotangulia, ndo uendelee.

Alafu pima. Futi ya chuma na daftari, sio kukadiria kwa macho. Urefu na upana wa kila chumba, kimo mpaka siling, madirisha, na jambo ambalo watu wanasahau, upana wa mlango na wa njia ya kupandia. Kule Mabatini nilikuwa nakaa juu ambapo gari haifiki, vitu vinabebwa kichwani kwenye ngazi za mawe, kochi la watu watatu lilifika nusu ya njia likarudi chini na nililiuza siku ile ile kwa bei ya kuumiza. Tangu hapo kila ninachotengeneza nakifunga kwa bolti na nati, kinafunguka, kinabebwa vipande vipande.

Hesabu ya rangi

Chukua chumba cha mita 3.5 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 2.7. Kuta nne zikijumlishwa ni mita 14 kwa urefu, zidisha kwa 2.7 unapata kama mita za mraba 38, toa mlango na dirisha inabaki 34. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini inapaka kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, ukuta wenye mchangamchanga inakula zaidi. Mikono miwili ni mita za mraba 68, kwa hiyo lita 7, nunua makopo mawili ya lita 4, ile itakayobaki ni ya kurekebisha. Kama vyumba ni vingi na rangi ni moja ndoo ya lita 20 ndo inaleta nafuu. Zunguka maduka ya vifaa vya ujenzi matatu manne mjini kabla hujatoa hela, kopo lile lile bei inatofautiana.

Kuhusu rangi gani, mi naona nyumba za huku zinapendeza na rangi nyepesi zenye joto kidogo, krimu, mchanga, kijivu kile cha majabali yetu, alafu ukuta mmoja tu ndo upewe rangi nzito. Chumba kinachopigwa na jua la jioni usikipake chungwa wala njano kali, saa kumi na moja utaona kama kuta zinawaka. Jikoni ambapo mkaa unawashwa, na koridoni ambapo watoto wanapitisha mikono, paka rangi ya mafuta kutoka sakafuni mpaka mita 1.2 hivi, juu malizia na ya maji, hiyo ya chini utaifuta kwa sabuni miaka na miaka.

Siku za kupaka

Mpangilio ni juu kwenda chini: siling, kuta, milango na fremu za madirisha, sakafu mwisho. Ukianza na milango utaidondoshea rangi ya siling urudie kazi.

Siku ya kwanza ni maandalizi tu na usione kama umepoteza siku, hapo ndo kazi nzuri inapotokea. Ng'oa misumari, ziba matundu na puti, ikikauka piga msasa mpaka vidole visihisi kitu. Ukuta wenye rangi ya mafuta ya zamani sana usiupige msasa mkavu, ulowanishe kwanza, maana rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi na lile vumbi ni baya mno kwa watoto na kwa mama mjamzito, watoto wasiwepo kabisa siku hiyo. Zima umeme kwenye meni swichi ndo ufungue vifuniko vya soketi na swichi, viweke kwenye mfuko na skrubu zake. Bandika tepu ya karatasi kwenye kingo, tandika magazeti au yale maboksi utakayokuja kupakia vitu.

Kama una makopo mawili yamwage yote kwenye ndoo moja uchanganye, hata yakiwa na namba moja huwa yanapishana kidogo, na utakuja kuiona hiyo tofauti katikati ya ukuta usiku ukiwasha taa. Mkono wa kwanza ongeza maji kidogo, kama sehemu moja kwa kumi, unyonye vizuri. Anza na brashi ya nchi mbili kwenye kona na pembeni ya siling, alafu rola ifuate kabla brashi haijakauka, pitisha kwa mtindo wa herufi W ndo usambaze, na ukianza ukuta umalize, usiukatishe katikati uende kula maana utaacha mstari. Subiri masaa manne ndo mkono wa pili. Ya mafuta acha ilale usiku mzima.

Sasa wale wa karibu na ziwa, Kirumba, Kitangiri, Bwiru, Igogo, nisikilizeni. Sebule yangu niliipaka jioni, nikawasha taa nimalizie ukuta wa mwisho, madirisha wazi ili harufu itoke, na ule usiku wadudu wadogo wa ziwani walikuwa wametoka, yale mawingu yao mnayajua. Wakafuata taa wakaingia, asubuhi ukuta wangu wa krimu ulikuwa na vidoti vyeusi maelfu vimegandia kwenye rangi. Nilipiga msasa ukuta mzima nikapaka upya, siku mbili zimeenda na kopo zima la rangi. Kwa hiyo huku kwetu rangi inapakwa asubuhi, saa kumi umemaliza, saa kumi na mbili taa zimezimwa na madirisha yana wavu. Kama hayana wavu, kununua wavu mita kadhaa na kuubana kwa vipande vyembamba vya mbao iwe ndo kazi yako ya kwanza kabisa kabla ya rangi, na utalala vizuri pia maana na mbu hawaingii.

Kazi za kufanya jioni ukiwa bado kwenye nyumba ya zamani

Rangi inapokauka kule, huku nyumbani unatengeneza vitu. Hii ndo sehemu niliyoipenda kuliko zote.

Meza ya paleti, zile fremu za mbao za kupangia mizigo. Paleti angalia muhuri uliochomwa pembeni, ukiona HT maana yake mbao ilitibiwa kwa joto, hiyo tumia. Ukiona MB ilipuliziwa sumu ya gesi, usiiingize ndani hata kama unapewa bure. Isiyo na muhuri na ina madoa ya mafuta au harufu ya dawa iache pia. Ibomoe taratibu kwa nyundo na mtaimbo mdogo, kipande cha mbao uweke chini ya mtaimbo usipasue, ng'oa misumari yote, piga msasa mkali kwanza alafu laini. Ukikosa paleti mbao za paina zipo kwa wauza mbao wengi na ni nyepesi kubeba. Meza ya sebuleni kimo cha sentimita 40 mpaka 45 inatosha, upana wa 60, urefu wa mita moja. Juu panga mbao na uzibane kwa chini na vipande viwili vya kukatiza, miguu minne ifunge kwa bolti, mbili kila mguu ili usicheze. Paka vanishi mikono miwili mitatu, katikati pitisha msasa laini. Mchwa wanapenda mbao inayogusa sakafu yenye unyevu, hivyo chini ya kila mguu gongelea kipande cha mpira wa ndala kuukuu, kinazuia maji na sakafu haikwaruziki.

Shedi la taa la magugu maji. Haya magugu yamelitesa ziwa letu tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, yanaziba mialo, yanasumbua mitumbwi, lakini mashina yake yakikauka ni malighafi nzuri sana na haina bei. Unataka yale mashina marefu, kata majani na mizizi, anika juani siku kadhaa mpaka yawe ya kahawia na makavu kabisa, na chukua mengi kuliko unavyodhani maana karibu yote ni maji, lundo la kujaza kiroba linakuwa konzi chache. Yasuke kama nywele, nyuzi tatu tatu, alafu zungushia suka lako kwenye fremu ya waya au ndoo iliyogeuzwa huku unashona kwa uzi wa katani. Tahadhari mbili nawaomba mzizingatie kwa dhati. Ya kwanza, usiingie majini kuyavuta. Maji ya kina kifupi yenye magugu ndo wanakokaa konokono wa kichocho, na kichocho ukanda huu kipo kwelikweli, chukua yaliyovutwa nchi kavu tayari au mlipe kidogo kijana wa mwaloni anayeyatoa kwa fito kutoka kwenye mtumbwi. Ya pili, ndani ya shedi weka balbu ya LED tu, balbu za zamani zinachemka na hayo ni majani makavu. Na kuunganisha holda kwenye nyaya ni kazi ya fundi umeme, sio yetu.

Wavu wa uvuvi. Ukuta mkubwa mtupu unapendeza na kipande cha wavu mzito wa nyuzi, ule uliochoka ambao mvuvi hautaki tena. Loweka kwa sabuni na ndimu siku mbili, suuza, anika jua kali, ile harufu ya sangara inaisha. Ule wa uzi mwembamba unaong'aa kama plastiki usiuchukue, nyavu hizo zimepigwa marufuku na hutaki kukutwa nazo.

Picha za kitenge. Vipande vilivyobaki kwa fundi cherehani, plaiwudi iliyokatwa mraba wa sentimita 30 au 40, vuta kitambaa kwa nguvu, bana nyuma kwa stepla. Tatu za ukubwa sawa zinapendeza kuliko moja kubwa. Kitenge kifue kwanza kichuje rangi na kijikunje kinavyotaka, usije ukakibana alafu kikalegea.

Na za kutundikia bila kuudhi mwenye nyumba, hii nimeigundua mwenyewe naitumia kila mahali: badala ya kutoboa tundu kwa kila picha, chukua ubao mmoja mwembamba wa mita mbili, upake rangi ya ukuta, ufunge ukutani juu kidogo ya kichwa kwa skrubu tatu tu na plagi zake za plastiki. Kila kitu ning'iniza kwenye ubao huo kwa kamba ya katani, picha, kioo kidogo, maua, wavu. Unabadilisha mpangilio kila ukitaka, na siku ya kuondoka unaziba matundu matatu. Picha ning'iniza katikati yake iwe kama sentimita 150 kutoka sakafuni, watu wengi wanaziweka juu mno mpaka unainua shingo. Kioo kikabili dirisha, chumba cha giza kinapata mwanga wa bure.

Pazia. Ukiwa na dirisha la mita 1.5, bomba lake liwe mita 1.8, yaani linazidi sentimita 15 kila upande, na lifungwe juu ya dirisha sentimita 10 mpaka 15. Kitambaa kiwe mara mbili ya upana wa dirisha, hapo mita 3, kikipungua pazia linakaa kama shuka limeanikwa. Kwa urefu pima kutoka kwenye bomba mpaka sakafuni ongeza sentimita 20 za pindo, na hilo pindo la chini liwe refu makusudi, maana nyumba ijayo dirisha linaweza kuwa refu zaidi na utalishusha tu. Bomba nilitumia la maji la chuma la nusu nchi, nikalipaka rangi nyeusi ya mafuta, halipindi hata kwa pazia zito.

Kapeti la plastiki

Hili nitapita haraka. Usiligundishe kwa gundi. Litandike nje juani nusu saa lilegee, liingize, likate ukiacha nafasi ya kama nusu sentimita kutoka ukutani, samani zitalishikilia. Kila mwezi inua kona moja uangalie kama kuna unyevu chini. Ukihama unalikunja linaenda na wewe.

Siku ya kuhama

Rangi iwe imemaliza walau siku tatu, madirisha yamefunguliwa mchana, harufu imeisha. Umeshafagia, umepiga deki, pazia zimeshaning'inia, na token ya LUKU imeshaingia. Kwenye kirikuu vitu vizito vitangulie mbele karibu na kichwa cha gari, meza zimefunguliwa miguu, bolti za kila meza ziko kwenye soksi iliyofungwa kwenye mguu wake. Boksi moja lipande mwisho lishuke kwanza: sufuria moja, vikombe, sabuni, shuka, chaja, bisibisi, spana ya zile bolti. Na weka ndani yake kopo dogo la rangi iliyobaki, limezibwa vizuri, limeandikwa jina na namba ya rangi na chumba, pamoja na brashi ya nchi moja, kwa sababu wale vijana watakuja kugusisha kona ya kitanda kwenye ukuta wako mpya wakati wa kuingiza, na jioni hiyo hiyo kabla ya kuwasha taa utapaka pale palipochubuka.